Umenunua miwani ya uhalisia pepe? Anza na mafumbo, bunduki zitakungoja

Kitendawili_Tega (mwanzilishi wa uzi)

Wanajukwaa, hamjambo. Hapakosi mtu anayeingia humu kuuliza aanze na mchezo gani baada ya kupata miwani yake ya kwanza ya uhalisia pepe (VR), ile inayofunika macho na kukuweka ndani ya mchezo, na majibu huwa ni yale yale: bunduki, mbio za magari, ndondi. Muda si mrefu miwani hiyo hiyo inatangazwa kuuzwa, eti "imetumika kidogo sana". Nafungua uzi huu kutetea michezo ya mafumbo, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayokionyesha kifaa hiki kwa ubora wake wote, na ndiyo inayomfaa mkazi wa Nairobi anayeishi katika chumba ambamo kitanda, meza na mtungi wa gesi vinagombania nafasi.

Nianze na kizunguzungu, kwa kuwa ndicho kinachowafukuza wengi. Sikio la ndani lina viungo vinavyopima mwendo na mwelekeo wa kichwa. Ukiwa umeketi kwenye kochi huku macho yakiona kwamba unakimbia korido nzima, ubongo unapokea habari mbili zinazopingana, na watu wengi huishia kutokwa na jasho jembamba na kusikia kichefuchefu. Waundaji wa michezo ya kukimbia wana hila zao za kupunguza adha hiyo, lakini waundaji wengi wa mafumbo hawazihitaji, kwa sababu mchezaji hasogezwi asipotaka. Unasimama mbele ya kabati, unainama, unachungulia nyuma yake, na kila kinachoonekana kusogea kimesogea kwa sababu kichwa chako kimesogea. Ukitaka kwenda upande wa pili wa chumba, unaelekeza mkono mahali palipowekewa alama, picha inafifia kidogo, na unajikuta umeshafika.

Mfano wangu mkuu ni The Room VR: A Dark Matter, uliotolewa Machi 2020 na Fireproof Games, studio iliyoko Guildford nchini Uingereza, ambayo ilipata jina mwaka 2012 kwa mchezo wa kwanza wa The Room kwenye iPad. Hadithi inaanzia London mwaka 1908, na mchezaji ni mpelelezi anayechunguza kupotea kwa mtaalamu wa mambo ya kale ya Misri. Hadithi yenyewe nitaipita haraka, maana kwa kweli ni kisingizio tu cha kukuweka mbele ya masanduku, na masanduku hayo ndiyo utamu wote.

Chukua mfano wa droo. Unanyoosha mkono, unabana kitufe cha kidhibiti ulichoshika, kilicho chini ya kidole cha shahada, na vidole unavyoviona vinashika kishikio. Ukivuta taratibu, droo inakuja taratibu. Ukivuta kwa pupa, inabaki nyuma ya mkono wako kwa kitambo kidogo, kidhibiti kinatetemeka, na masikioni unasikia ubao ukisugua ubao. Uzito haupo hata kidogo, kwani ulichoshika ni plastiki ile ile nyepesi, lakini kule kuchelewa kwa droo kunatosha kuuaminisha mkono kwamba ndani mna kitu. Ufunguo nao hugeuzi kwa kubonyeza: unaupachika tunduni, kisha unauzungusha kwa kifundo cha mkono hadi usikie komeo likiachia.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Ukicheza fumbo la aina hii kwenye simu, mwenye mchezo anakuamulia utazame wapi. Unagusa sehemu fulani, picha inakuvuta karibu, na kule kuvutwa tu kumeshakwambia kwamba pana jambo. Ndani ya miwani hakuna kamera ila shingo yako. Maandishi yakichongwa upande wa chini wa meza, hutayaona mpaka upige magoti, na hutapiga magoti mpaka ushuku. Nimewaona watu werevu mno, wanaomaliza chemshabongo ya gazeti kabla chai haijapoa, wakisimama kama mlingoti katikati ya chumba na kulalamika kwamba wamekwama, ilhali jibu liko nyuma ya kitu wasichotaka kukizunguka. Akili yao inafanya kazi, ila wameiacha miguu nje ya fumbo.

Jambo hili lina utafiti wake. Mwaka 1994 David Kirsh na Paul Maglio walichapisha uchunguzi kuhusu wachezaji wa Tetris, mchezo wa kupanga vipande vinavyoanguka, wakaonyesha kwamba wachezaji hodari huzungusha vipande kwenye skrini hata pale ambapo mzunguko huo hauwasogezi karibu na mahali kipande kitakapotua. Wanazungusha ili waone, kwa sababu ni haraka zaidi kuliko kuzungusha kichwani. Sasa cheza Cubism, kazi ya Thomas Van Bouwel iliyotoka mwaka 2020, uone jinsi wazo hilo linavyokubalika likipewa mikono miwili. Mbele yako kunaelea umbo tupu lenye kuta zinazoonyesha ndani, na kando yake vipande vya rangi vinavyopaswa kulijaza bila kubaki pengo. Mkono wa kushoto unalishika umbo, wa kulia unashika kipande, na vyote viwili unavipindua kwa wakati mmoja, unavisogeza karibu na uso, unavirudisha mbali. Hakuna hadithi, hakuna adui, hakuna saa inayokuhesabia. Ni mchezo mkavu kwa mtazamaji na mtamu kupindukia kwa mchezaji.

Kuhusu nafasi, ondoeni hofu. Michezo ya kutembea kwa miguu hupendekeza eneo tupu la takriban mita 2 kwa mita 2, ambalo katika nyumba nyingi za Roysambu au Pipeline haliwezi kupatikana bila kutoa kitanda nje. Mafumbo mengi yanakubali uchezaji wa kuketi au wa kusimama papo hapo, ndani ya mduara usiozidi hatua moja au mbili. Stima ikipotea, betri ya Quest 2, miwani ya kampuni ya Meta, hudumu saa mbili hadi tatu, na mchezo wa mtu mmoja ukishapakuliwa hauli bando kila unapoufungua.

Kwa wanaodhani mafumbo ni droo na vipande tu, nitaje A Fisherman's Tale, uliotengenezwa na studio ya Ufaransa ya Innerspace mwaka 2019. Uko ndani ya mnara wa taa, na mezani pana kielelezo kidogo cha mnara huo huo. Ukifunua paa la kielelezo, paa la juu yako linafunuka pia, na ukichungulia ndani unajiona ukiwa mdogo kama kikaragosi, umeinamia kielelezo kidogo zaidi. Ingiza mkono humo, na mkono mkubwa kama wa jitu unateremka kutoka juu, ndio wako, unakwenda kwa mwendo wako. Kitu kizito ambacho usingeweza kukisukuma unaweza kukiondoa kwa vidole viwili, mradi ukiinue kutoka kwenye kielelezo. Mtu akikusimulia jambo hili kwa maneno, unaelewa. Ukilifanya mwenyewe, kwa muda unaogopa kuinua macho.

Karibuni tujadiliane. Wenye maoni tofauti wasijizuie, ila tuzungumzie michezo mliyoicheza.

MamaPacha_Umoja

Ndugu mwanzilishi, ahsante kwa maelezo yaliyonyooka. Nina pingamizi la mfuko. Mchezo wa mafumbo ukishatatuliwa umekwisha, kwani fumbo ulilolijua haliwi fumbo tena. Huo wa London niliumaliza kwa jioni chache, na kwa jumla sidhani ulinichukua zaidi ya saa tano au sita. Vijana wa mtaani kwetu wanacheza kandanda ile ile kwenye televisheni mwaka mzima na hawaichoki. Kwa mtu aliyejinyima ili apate miwani, kisha anunue michezo kwa dola, na kuongezea kila kinachoongezwa na mwenye duka la mjini, hesabu hiyo inauma.

La pili, nina pacha wa miaka tisa ambao hawanipi nafasi ya kupumua tangu walipoona ile miwani. Je, mafumbo haya, kwa kuwa hayana vita, yanawafaa?

Kitendawili_Tega

Mama Pacha, nianze na watoto kwa kuwa hilo ni zito kuliko pesa. Hapana, wasubiri. Meta, kampuni inayotengeneza Quest, ilikuwa ikiweka umri wa chini kuwa miaka 13, na mwaka 2023 ikaruhusu watoto wa miaka 10 hadi 12 kwa akaunti zinazosimamiwa na mzazi. Wa miaka tisa hawamo hata kwa kanuni hiyo iliyolegezwa. Pia kuna suala la umbile: lenzi za Quest 2 zinapangika katika nafasi tatu tu, milimita 58, 63 na 68 kati ya jicho na jicho, na watoto wengi wana macho yaliyokaribiana kuliko hapo. Mtu ambaye lenzi hazijakaa sawa na macho yake huona ukungu na kuumwa kichwa, na mtoto hatakwambia, kwa sababu anaogopa utamnyang'anya. Kutokuwepo kwa vita hakubadilishi lolote katika hayo.

Kuhusu pesa, nakubali kwamba michezo yenye hadithi haina maisha ya pili kwa mtu yule yule. Lakini nyumba ina watu wengi, na kumtazama mwingine akihangaika na sanduku ulilolifungua wewe ni burudani ambayo kandanda haikupi. Ukitaka kitu cha kudumu, tafuta Puzzling Places ya realities.io ya Ujerumani, uliotoka mwaka 2021. Ni majengo na mahali pa kweli palipopigwa picha nyingi, pakageuzwa kuwa vielelezo vya pande zote, kisha pakakatwakatwa. Mahali pale pale unaweza kupaunganisha kwa vipande 25 jioni uliyochoka, au ukapanda taratibu hadi kufikia vipande 400 kwa baadhi ya vielelezo, na hivyo vitakula wikendi yako yote. Kadiri sehemu zinavyokamilika, sauti za mahali hapo nazo zinaamka. Wanaopenda kutumia mikono wakisikiliza redio kwa pembeni watauelewa mchezo huu mara moja.

MwalimuWaJiometri

Nimesoma kwa makini na ninaomba kupinga, kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa hisabati huku Kasarani, na mada inayowatesa wanafunzi wangu kuliko zote ni maumbo ya pande tatu. Mwaka 1971 Roger Shepard na Jacqueline Metzler waliwaonyesha watu picha za maumbo ya vijisanduku vilivyoungana, mbili mbili, na kuwauliza kama ni umbo moja lililogeuzwa au ni mawili tofauti. Muda wa kujibu uliongezeka kwa ulinganifu na pembe ambayo umbo lilikuwa limegeuzwa, kana kwamba kila mtu alikuwa akilizungusha kichwani mwake kwa kasi maalumu. Huo ndio uwezo ninaoutafuta kwa wanafunzi, na ndio ambao Cubism inawavua. Ikiwa mkono unazungusha kipande kwa niaba ya akili, akili inapumzika. Nilimpa miwani kijana mmoja wa nyumbani kwangu, akatatua maumbo magumu kwa furaha kubwa, kisha nikamchorea swali la aina hiyo hiyo kwenye karatasi, akanitazama kama niliyemsemesha Kilatini.

Kwa hiyo unaposema kwamba mwili ndio unaofikiri, mimi nauliza: mtihani utakapomjia kwenye karatasi, mwili huo utakuwa wapi?

Kitendawili_Tega

Mwalimu, shikamoo. Pingamizi lako ni la haki, na sitadai kwamba mchezo huu unafundisha jiometri ya mtihani. Ninalodai ni dogo zaidi: mkono unaonyesha njia, lakini hauwezi kumaliza safari peke yake. Katika viwango vya mwanzo vya Cubism, vyenye vipande vitatu au vinne, kweli mtu anaweza kupapasa hadi bahati imwangukie. Vipande vikifika saba au nane, jinsi ya kuvipanga inakuwa nyingi mno kwa kupapasa. Hapo mchezaji anaanza, bila kuambiwa na mtu, kuuliza maswali ambayo bila shaka wewe unayapenda: kona hii inaweza kujazwa na kipande kipi na kipi hakiwezi kabisa, nikiweka hiki hapa, je, nimeacha tundu la kijisanduku kimoja ambalo hakuna kipande cha kulitosha? Nimefika hata mahali pa kulipaka umbo rangi mbili akilini, kijisanduku kimoja cheusi na jirani yake cheupe kama ubao wa drafti, kisha kuhesabu weusi na weupe wa kila kipande ili nijue mpango upi hauwezekani hata kabla ya kuujaribu.

Huyo kijana wako, jaribu kumpa zoezi la katikati. Ashike umbo tupu mkononi, lakini asiguse kipande mpaka akueleze kwa maneno kitaingia upande gani. Miwani haitamzuia kufikiri, ila haitamlazimisha pia. Hilo nakuachia wewe uliye mwalimu.

MachoManne

Swali fupi. Navaa miwani ya macho yenye lenzi nene. Je, hii ya uhalisia pepe itaingia juu yake, au nitaharibu zote mbili?

Kitendawili_Tega

Ndugu MachoManne, itaingia fremu yako ikiwa si pana sana. Quest 2 ilikuja na kipande cha plastiki cha kusogeza lenzi mbali kidogo na uso, ambacho wauzaji wa mitumba hukipoteza mara nyingi, kwa hiyo kiulizie kabla ya kulipa. Quest 3 inarekebishika yenyewe bila kipande hicho. Hakikisha lenzi zako na za kifaa hazigusani, kwani mikwaruzo ya hapo haifutiki. Na ukinunua iliyotumika, iwashe ukiwa dukani, utazame picha nyeupe kabisa, utafute madoa. Jua likiingia kwenye lenzi hukusanywa na kuchoma skrini iliyo nyuma yake, na kwa jua letu la Januari dirishani halihitaji kungoja sana. Ukiona nukta ya manjano au nyeusi isiyohama unapogeuza kichwa, mrudishie mwenyewe.

KibandaChaKayole

Wakubwa kwa wadogo, salaam. Nina kibanda cha michezo, televisheni tatu za kandanda na miwani moja, na nimecheka kusoma uzi huu kwa sababu mwanzilishi anaongea kama mtu anayecheza peke yake mlango ukiwa umefungwa. Kwangu hakuna upweke huo. Mteja akivaa miwani, anachokiona kinaonekana pia kwenye televisheni, na nyuma yake wamesimama watu wanane wanaojua zaidi yake. "Geuka kushoto!" "Acha hicho, shika kile!" Tatizo ni kwamba wao wanaona picha bapa. Hawajui kitu kiko karibu au mbali, hawajui kwamba droo ina kina, na mara nyingi ushauri wao ni wa uongo kabisa ingawa wanautoa kwa sauti ya Mungu. Nimeshuhudia mteja aliyekuwa ameshikilia jibu mkononi akilitupa kwa sababu umati umemzomea.

Kwa hiyo huo mchezo wa London niliuondoa mapema. Ni wa mtu mtulivu. Kilichonifaa ni I Expect You to Die, wa Schell Games wa Pittsburgh, Marekani, uliotoka mwaka 2016. Mchezaji ni jasusi, anaucheza akiwa ameketi, jambo linaloniokoa kwa sababu kibanda changu hakina nafasi ya mtu kurusha mikono. Misheni ya kwanza unawekwa ndani ya gari lililojaa mitego, na gari lenyewe limo ndani ya ndege iliyo angani; kazi yako ni kulitoa humo. Ukigusa kisichoguswa unakufa, mara moja, na kwa namna ya kuchekesha. Kisha unaanza upya ukiwa unajua jambo moja zaidi. Umati unapenda sana kifo hicho. Tena hapo ndipo kelele zao zinakuwa na faida, maana wanane wanakumbuka mitego kuliko mmoja, na hakuna anayehitaji kuona kina ili akumbuke kwamba kile kitufe ndicho kilichomuua aliyetangulia.

Usafi pia usisahaulike na yeyote anayefikiria biashara hii. Sehemu inayogusa uso nimeivisha kifuniko kisichonyonya jasho, ambacho nakipangusa kila mteja akitoka. Lenzi ni kitambaa kikavu laini tu. Spiriti huharibu utando wake.

MwalimuWaJiometri

Ndugu wa Kayole, umenifungua macho kuliko mwanzilishi, anisamehe. Hao watazamaji wako wanaoiona picha bapa na kukosea ndio wanafunzi wangu hasa. Ningependa kujua: yule aliyewahi kuvaa miwani, akirudi kusimama na watazamaji, ushauri wake unakuwa bora?

KibandaChaKayole

Mwalimu, unakuwa bora, tena kwa wazi. Anamwambia mwenzake "inama, kipo nyuma", wakati wengine wanasema "bonyeza". Lakini pia anakuwa mchoyo, hataki kusema jibu, anataka mwenzake ateseke kama alivyoteseka yeye.

MamaPacha_Umoja

Na malipo unayapangaje? Fumbo halina dakika tisini kama mpira. Mtu akikwama nusu saa, analipa kwa kukwama?

KibandaChaKayole

Nilianza kwa kutoza dakika, mama, wakawa wanatazama saa badala ya kutazama gari, na akikwama ananidai pesa zake. Sasa natoza kwa misheni, iishe isiishe, na nimeweka kikomo cha vifo: akishakufa mara tano, anampisha anayefuata kwenye foleni, kisha akitaka anarudi nyuma ya wenzake na kulipa upya. Wengi wanarudi, kwa sababu walipokuwa wakingoja wameshaona alichokosea kila mmoja.

Kitendawili_Tega

Hicho kikomo cha vifo nakichukua nikitumie nyumbani wageni wakija. MachoManne, ukishapata miwani yako rudi hapa utwambie fremu imeingia au haikuingia, kwa sababu wenye lenzi nene humu ni wengi na wanaogopa kuuliza.